Kiharusi kikishapiga, damu hutuambia nini?

*Vipimo vya mwako ni mistari michache tu kwenye karatasi ya maabara. Kwa mgonjwa wa Taita Taveta faida yake ipo, ila haipo pale wengi wanapoitafuta.*

Mgonjwa wa kiharusi anayeletwa kutoka Taveta hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, mjini Voi, amesafiri zaidi ya kilomita mia moja. Wa Werugha au Mgange ameteremshwa kona za milimani, akapita Mwatate na mashamba yake ya mkonge, ndipo akaifikia barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Wapo pia wanaolala nyumbani usiku kucha kwanza, jamaa wakitumaini kwamba mkono uliolegea utapata nguvu kukicha.

Akifika, pamoja na mengine, hutolewa damu. Karatasi ya majibu inaporudi, jamaa hutafuta sukari na kolestro kwa sababu hayo wanayajua. Hakuna anayeuliza kuhusu chembe nyeupe, neutrofili, limfosaiti, ESR, na zile herufi tatu zinazozidi kuonekana siku hizi: CRP. Hivyo ndivyo viashiria vya mwako, na kwa miongo kadhaa watafiti wa kiharusi wamevifuatilia kwa matumaini makubwa. Swali la makala haya ni dogo: kwa mgonjwa aliyelala wadini Voi leo, namba hizo zina kazi gani?

Mwako unaanzia wapi

Mwiba ukikuchoma mguuni, mahali pale huvimba, hupata joto, hugeuka rangi na kuuma. Kinga ya mwili imetuma chembe zake kusafisha na kukarabati. Hali hiyo ndiyo mwako, na hutokea ndani ya kichwa pia.

Kiharusi tunachokizungumzia ni kile cha mshipa wa damu kuziba. Katika utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ukachapishwa 2018, aina hiyo ilikuwa zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa wote. Waliobaki walikuwa wamevujiwa na damu ubongoni. Picha ya CT ndiyo inayotenganisha aina hizo mbili, na hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoweza kushika nafasi yake.

Mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 kila dakika, kwa makadirio yaliyotolewa 2006 na daktari Jeffrey Saver wa Marekani. Seli hizo zikifa humwaga vilivyokuwa ndani yake, na chembe za ulinzi zinazoishi ubongoni huamka. Nazo hutoa kemikali za kuitana, mojawapo ikiitwa interlukini-6. Kemikali hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye ini, na ini huanza kutengeneza protini ya CRP kwa wingi.

Wakati huohuo neutrofili, ambazo ni chembe nyeupe za mstari wa mbele, hunata kwenye kuta za mishipa ya ubongo na kupenya. Vimeng'enya vyake hula kuta hizo, maji huvuja, na ubongo huvimba. Uvimbe huo hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano. Ndiyo maana mgonjwa aliyekuwa akiitikia salamu siku ya kwanza huweza kuzama katika usingizi mzito siku ya tatu, na jamaa wakabaki wakishangaa kosa lilifanyika wapi.

Mwako huohuo, hata hivyo, ndio unaozoa mabaki ya seli zilizokufa na kuandaa njia ya kupona. Anayetaka kuuzima lazima ajue anazima sehemu ipi na siku gani.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Ubongo ulioumia hutuma ishara za msukosuko mwili mzima, homoni za mfadhaiko hupanda, na limfosaiti, zile chembe zinazotukinga na maambukizi kwa muda mrefu, hupungua. Kwa hiyo mgonjwa ana kinga iliyochachamaa ubongoni na kinga iliyosinyaa mapafuni. Anayeelewa hilo ataelewa sehemu kubwa ya yanayotokea wadini.

Mistari minne ya karatasi

Mstari wa kwanza ni jumla ya chembe nyeupe. Hupanda baada ya kiharusi, na aghalabu hupanda zaidi pale eneo lililokufa likiwa kubwa.

Wa pili haupo kwenye karatasi. Daktari huukokotoa mwenyewe kwa kugawanya idadi ya neutrofili kwa idadi ya limfosaiti. Kwa mtu mzima mwenye afya, jibu mara nyingi huwa kati ya 1 na 3. Baada ya kiharusi kizito neutrofili hupanda, limfosaiti hushuka, na uwiano huo hupaa. Tafiti nyingi, hasa za China, zimeuhusisha uwiano mkubwa na ulemavu na vifo. Sifa yake kubwa ni kwamba hauongezi gharama. Hospitali yenye mashine ya kuhesabu chembe za damu tayari inao.

Mstari wa tatu ni ESR, kasi ya chembe nyekundu kutuama kwenye mrija kwa muda wa saa moja. Waswidi Robin Fåhraeus na Alf Westergren ndio waliokieneza kipimo hiki karne moja iliyopita. Kinahitaji mrija, kishikio na saa ya ukutani. Tatizo lake ni kwamba hupanda polepole, hushuka polepole, na huvurugwa na upungufu wa damu, umri na ujauzito.

Wa nne ni CRP. William Tillett na Thomas Francis waliigundua 1930 katika Taasisi ya Rockefeller, New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Huanza kupanda saa 6 hadi 12 baada ya madhara kutokea, hufika kilele karibu na saa ya 48, na chanzo kikizimwa hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Kwa upesi wake huo, hakuna kiashiria cha bei nafuu kinachoipita kwa kufuatilia mgonjwa siku hadi siku.

Moshi hautaji shamba

Mkazi wa Voi akiona moshi upande wa Tsavo anajua kuna kitu kinaungua. Hajui kama ni nyasi za mbugani, ni mtu anachoma makaa, au ni nyumba ya jirani. CRP ni moshi wa namna hiyo, na Taita Taveta ina mambo mengi ya kuufukiza.

Taveta ni tambarare ya mifereji na migomba, na malaria ni mkazi wa siku nyingi huko. Eneo hilo lilitosha kuvuta jaribio kubwa la kunyunyizia nyumba dawa, mpango wa Pare na Taveta, kati ya 1954 na 1959. Malaria hupandisha CRP. Kifua kikuu hupandisha. Kidonda cha mguu cha mwenye sukari, jino bovu, njia ya mkojo iliyoambukizwa, vyote hupandisha. Kwa hiyo CRP ya 40 kwa mgonjwa wa kiharusi haimaanishi moja kwa moja kwamba ubongo wake ndio unaowaka.

Baadhi ya maambukizi, tena, ndiyo chanzo cha kiharusi chenyewe. Huko Blantyre, Malawi, utafiti wa Laura Benjamin na wenzake uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba virusi vya Ukimwi vilikuwa vya pili baada ya shinikizo la damu katika kusababisha kiharusi. Kwa wenye umri wa miaka 45 au chini yake, vilibeba takriban asilimia 42 ya mzigo wote. Hatari ilikuwa kubwa zaidi katika miezi sita ya mwanzo ya kutumia dawa za kupunguza makali, wakati kinga inaporudi kwa kishindo. Kaswende na homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu nazo huziba mishipa ya ubongo. Seli mundu, ugonjwa unaojulikana vyema Pwani, huweza kumpiga kiharusi hata mtoto wa shule.

Kijana aliyepooza upande mmoja akiwa na ESR iliyopaa basi hastahili kupewa aspirini na kurudishwa nyumbani. Anastahili kupimwa virusi, kaswende na seli mundu. Hapo kiashiria cha mwako kimefanya kazi ya maana: kimemsukuma daktari kuuliza swali la pili.

Saa nazo zina lugha yake. Kwa kuwa CRP huchelewa kupanda, mgonjwa aliyefika saa mbili baada ya mdomo kupinda na CRP yake tayari iko juu, alikuwa na mwako kabla ya kiharusi. Kidokezo hicho hupotea mgonjwa akiletwa kesho yake, kwa sababu kufikia hapo kila kitu kimekwishachanganyika. Safari ndefu ya Taveta na usiku wa kungoja huko Mgange hupoteza muda wa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo mwisho wake wa kawaida ni saa nne na nusu. Hupoteza pia maana ya namba za maabara.

Tahadhari nyingine ni ya vipimo vyenyewe. Watu wengi wenye asili ya Afrika huwa na neutrofili chache katika damu bila ugonjwa wowote, kwa sababu ya tofauti ya kurithi kwenye chembe nyekundu iliyoenea barani kwa kuwa ilikinga dhidi ya aina mojawapo ya malaria. Utafiti wa watu wazima wa Kericho uliochapishwa 2008 ulithibitisha kwamba viwango vya kawaida vya Kenya haviwiani na vya Marekani. Ukichukua kikomo cha uwiano wa neutrofili na limfosaiti kilichowekwa Beijing ukakitundika Voi bila kukirekebisha, unaweza kumwambia mgonjwa mahututi kwamba yuko salama.

Adui wa siku ya tatu

Kwa wastani, wagonjwa watatu kati ya kumi wa kiharusi hupata maambukizi wakiwa hospitalini, na mmoja kati ya kumi hupata nimonia. Nimonia hiyo huua wengi. Inaletwa na mambo mawili yanayokutana: kinga iliyosinyaa, na koo lililopooza linaloruhusu mate na chakula kuteremka mapafuni badala ya tumboni.

Hapa ndipo CRP inapolipa gharama yake. Kiharusi peke yake huipandisha kwa kiasi, kisha huanza kushuka baada ya siku mbili au tatu. Ikiwa siku ya nne inapanda badala ya kushuka, au imevuka 100, daktari hushuku bakteria kwanza. Atasikiliza mapafu, ataagiza picha ya kifua, ataangalia mkojo. Namba moja ya siku moja haisemi mengi. Namba mbili zilizopishana saa 48 zinaonyesha mwelekeo, na mwelekeo ndio unaomsaidia daktari kuamua.

Je, si bora kila mgonjwa apewe viuavijasumu mapema? Waholanzi walijaribu. Katika utafiti wa PASS uliochapishwa 2015, wagonjwa 2,550 walihusishwa, nusu wakipewa seftriaksoni kwa siku nne. Maambukizi yalipungua, hasa ya njia ya mkojo, lakini miezi mitatu baadaye waliopewa dawa hawakuwa na hali bora kuliko ambao hawakupewa.

Kilichofanikiwa kilitoka Australia, na hakikuwa dawa mpya. Mwaka 2011 Sandy Middleton na wenzake walichapisha matokeo kutoka hospitali 19 za New South Wales. Wauguzi walifundishwa mambo matatu ya kusimamia katika saa 72 za mwanzo: homa, sukari na umezaji. Joto likifika nyuzi 37.5, parasetamoli. Sukari ikipanda, ishushwe. Na mgonjwa asionje chochote kabla koo lake halijapimwa. Kwenye wadi zilizofuata utaratibu huo, asilimia 42 ya wagonjwa walikuwa wamefariki au wanategemea wengine baada ya siku 90. Kwenye wadi za kulinganishia walikuwa asilimia 58.

Tofauti ya kiasi hicho haijapatikana kwa dawa yoyote ya kuzima mwako wa kiharusi. Ilipatikana kwa kipimajoto, tone la damu ya kidole na vijiko vichache vya maji.

Jamaa wa mgonjwa wana nafasi kubwa hapa, kwa sababu katika wadi zetu ndio wanaolisha. Mama anamfunulia mumewe chupa ya uji, binti analeta kimanga kilichopondwa laini, na yote ni mapenzi. Lakini kwa mgonjwa ambaye mdomo umepinda, anayekohoa akimeza mate, au ambaye sauti yake imekuwa kama imelowa maji, uji huo unaweza kuishia mapafuni. Muulize muuguzi swali moja kabla ya kufungua chupa: koo limepimwa? Kama bado, ngoja. Likishapimwa na kuruhusiwa, mketishe wima, mpe kidogo kidogo, na usimlaze mara baada ya kula.

Dawa za kuzima mwako ziko wapi?

Kama mwako unaumiza ubongo, akili inasema tuuzime. Jaribio la mapema lilikuwa la enlimomabu, dawa iliyokusudiwa kuzuia neutrofili zisinate kwenye mishipa. Matokeo yalichapishwa 2001: wagonjwa 625 walishiriki, na waliopewa dawa walifariki kwa wingi zaidi.

Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS ulioongozwa na Paul Ridker, ukiwa na watu 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na wenye CRP ya juu, ulionyesha kwamba kuzima mwako kwa sindano ya kanakinumabu kunapunguza matukio ya moyo kwa takriban asilimia 15. Hiyo ilithibitisha kwamba mwako unachangia kuharibu mishipa. Lakini kwa kiharusi hakukuwa na upungufu wa kutegemewa, na bei ya sindano hiyo haisemeki.

Macho yakageukia kolkisini, dawa kongwe na rahisi ya jongo. Mwaka 2024 matokeo mawili yalitoka. Utafiti wa CONVINCE ulioongozwa na Peter Kelly wa Dublin, kwa wagonjwa 3,154, ulikuta asilimia 9.8 ya waliotumia kolkisini walipata pigo jingine la mishipa, dhidi ya 11.7 ya wenzao, tofauti ambayo haikufikia kiwango cha kuthibitisha. CHANCE-3 ya China ilichagua kwa makusudi wagonjwa 8,343 wenye CRP ya 2 au zaidi. Baada ya siku 90 kiharusi kilikuwa kimewarudia asilimia 6.3 ya waliopewa dawa na 6.5 ya wasiopewa.

Uamuzi ni kwamba hadi sasa hakuna dawa inayotolewa kwa mgonjwa wa kiharusi kwa sababu tu CRP yake imepanda. Anayekuuzia unga wa mizizi stejini kwa madai kwamba "unatoa uvimbe kwenye damu" hana ushahidi uliowashinda watafiti hao wote.

Dawa za statini zinapunguza CRP pamoja na kolestro, na zinazuia kiharusi kisijirudie. Hizo mgonjwa wa mshipa ulioziba hupewa hata CRP yake isipopimwa.

Ng'ambo ya mpaka walihesabu

Hesabu bora ya kiharusi iliyofanywa karibu na Taveta ilifanyika upande wa pili wa Kilimanjaro. Kuanzia 2003 hadi 2006, kundi la Richard Walker lilihesabu kila kiharusi wilayani Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa 2010. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na visa vipya 108.6 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Dar es Salaam ilikuwa na 315.9, kati ya viwango vikubwa vilivyowahi kuripotiwa duniani.

Tofauti hiyo ya karibu mara tatu kati ya shamba na jiji inaihusu Voi moja kwa moja. Ni mji unaokua kando ya barabara kuu na reli, wenye vibanda vya chipsi vya usiku, madereva wa malori wanaokaa usukanini siku nzima, na watu walioacha jembe milimani kwa kiti cha duka.

Na kinachowaangusha kinajulikana. Utafiti wa INTERSTROKE wa 2016, uliofanywa katika nchi 32, ulikuta mambo kumi yanayozuilika yanabeba takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi, na presha peke yake inabeba karibu nusu. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, huku zaidi ya nusu ya Wakenya hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Presha hiyo nayo huwasha mwako. Msukumo mkali unapokwaruza kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka, chembe nyeupe huja kukarabati, mafuta hunasa hapo, na utando hujengeka hadi siku utakapopasuka. Sigara na sukari hufanya vivyo hivyo. Anayeshusha presha anakata mwako kwenye mzizi.

Kwa hiyo mwananchi mwenye afya akiulizwa kwenye kliniki ya kibinafsi kama anataka kifurushi cha vipimo chenye CRP ndani yake, swali la kwanza liwe: presha yangu ni ngapi? Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii kote nchini wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na wanapita nyumba kwa nyumba. Namba yao ya 150 juu ya 95 haina utata wa CRP: inataja chanzo, ina dawa ya bei nafuu, na dawa hiyo hufanya kazi ilimradi inywewe kila siku, hata siku ambayo kichwa hakiumi.

Kwa hospitali, hesabu ni hiyohiyo. CRP mbili zilizopishana saa 48 kwa mgonjwa mzito ni matumizi mazuri ya fedha. Muuguzi wa kutosha kila zamu, mwenye kipimajoto na muda wa kupima koo kabla ya uji wa jioni, ni matumizi bora zaidi, na ndiyo bajeti ambayo wakazi wanapaswa kuidai kaunti inapokuja kuwauliza vipaumbele vyao.